Kutoka Lwów hadi Tengeru: Msichana wa Kipoland Katika Vita (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona Poland ilivyovamiwa Septemba 1939, Wajerumani kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Leo tumfuate msichana mmoja. Simpi jina, kwa kuwa njia yake waliipita maelfu. Ana miaka 14, na baba yake ni askari wa zamani aliyepewa shamba karibu na Lwów. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, askari wa Kisovieti wanagonga mlango.

Familia inapakiwa katika behewa la mizigo lenye jiko dogo na tundu la kujisaidia sakafuni. Wiki kadhaa baadaye wako katika misitu ya Arkhangelsk, ambako mkate hupimwa kwa kazi: asiyetimiza kiwango cha magogo hupunjwa chakula. Hapo hakuna tena mtoto.

Juni 1941 Ujerumani iliwageukia Wasovieti, na adui wa jana akawa mshirika. Mkataba uliotiwa saini London tarehe 30 Julai uliwapa Wapoland hao "msamaha", ingawa hawakuwa na kosa. Jenerali Anders, aliyetolewa gerezani Moscow, akaanza kukusanya jeshi la Wapoland. Familia zikamfuata kusini hadi Uzbekistan na Kazakhstan, na huko njaa na homa ya chawa vikaua akina mama wengi. Msichana wetu sasa ndiye mlezi wa wadogo zake. Mwaka 1942 wanavuka Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi Pahlevi, Uajemi, miongoni mwa watu zaidi ya 110,000. Wananyolewa nywele, nguo zao zinachomwa kwa ajili ya chawa.

Wanaume walikwenda vitani, na wengi wao walipigana Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Waingereza waliwatafutia wanawake na watoto mahali mbali na mapigano. Wapatao 18,000 waliletwa Afrika kwa meli: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa hapa Tanganyika, na wengine Rhodesia. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, yenye watu karibu 5,000.

Tengeru walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa, shamba na karakana za ufumaji. Msichana aliyekatishwa masomo Lwów aliyamaliza chini ya Meru, kwa Kipoland, akifundishwa na walimu waliopita njia ileile. Kwangu mimi, shule hizo ni jambo kubwa kuliko vita vyote vilivyoimbwa: kundi la wanawake wasio na kitu liliamua kwamba watoto wao watasoma. Makaburi ya waliofia huko bado yapo palepale.

Kisha amani ikamtenda msichana wetu vibaya kuliko vita. Februari 1945, kule Yalta, wakubwa watatu, Marekani, Uingereza na Wasovieti, walikubaliana mashariki ya Poland ibaki kwa Wasovieti. Lwów haikuwa tena Poland. Julai Uingereza ikaitambua serikali mpya ya Warsaw, na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, iliyokuwa mlezi wa kambi hizi, ikapoteza hadhi yake. Akirudi, atarudi wapi? Kwa serikali iliyowekwa na waliomfukuza?

Wala machungu ya kung'olewa hayakuwa ya wageni peke yao. Mwaka 1951, hukohuko Meru, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapa walowezi ardhi yao, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York kulishtaki jambo hilo Umoja wa Mataifa.

Wapoland wengi wa Tengeru waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Wiki ijayo tutawafuata yatima wapatao 150 waliopelekwa Kanada mwaka 1949, huku serikali ya Warsaw ikilalamika kwamba wametekwa nyara.