Je, wajua dawa ya kolesteroli hujenga mfupa?

Statini, vidonge ambavyo mamilioni ya watu humeza kila siku kushusha kolesteroli, asili yake ni ukungu. Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, aliyekwisha kupima aina zaidi ya 6,000 za kuvu, aliipata statini ya kwanza katika ukungu ulioota kwenye mchele wa Kyoto. Alikuwa akiwaza moyo na mishipa ya damu. Mifupa haikuwamo kabisa katika hesabu zake.

Mwaka 1999 Gregory Mundy na wenzake huko Texas walichuja kemikali zaidi ya 30,000 wakitafuta itakayochochea BMP-2, protini inayoziamuru seli kujenga mfupa. Iliyojitokeza ni statini! Panya waliodungwa juu ya fuvu waliota mfupa mpya.

Hapo madaktari wa meno wakatega sikio. Jino la kupandikiza hukaa juu ya skrubu ya titani, na skrubu hiyo haina gundi: ni lazima mfupa wa taya uote na kuikumbatia, kazi ya miezi kadhaa. Usipoikumbatia, skrubu hucheza na mwisho hutoka. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya waliopewa simvastatini walipata mfupa mwingi zaidi kuizunguka titani. Sababu mojawapo ni kwamba njia ya kemikali inayozaa kolesteroli huzaa pia mafuta madogo ambayo seli zinazomumunya mfupa huyategemea. Ukiifunga njia hiyo, walaji hao hulegea.

Mbona basi daktari hakuandikii statini kwa ajili ya jino? Kwa sababu ya ini. Kidonge kikimezwa, ini hunasa sehemu kubwa ya dawa, nao mfupa huambulia makombo. Panya wale walipewa dozi ambayo, ukilinganisha na uzito wao, haifanani na ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuipaka dawa kwenye skrubu yenyewe, na nionavyo mimi, hapo ndipo penye tumaini. Kwa binadamu, ushahidi bado ni mchache na haujakubaliana.

Kwa hiyo usinunue statini ili jino lishike. Na kama unaitumia kwa ajili ya moyo, usiiache kwa hiari yako eti unakwenda kupandikiza jino: mtajie daktari wa meno dawa zako zote. Kama kuna cha kuacha ili jino lishike, ni sigara.