Alimlilia mara tatu

Binti anauza glavu dukani. Anatokea mkubwa mmoja wa mbali, anampeleka jumba la kifahari kwa gari la farasi, binti anasahau hata bei ya glavu. Halafu inakuja habari ya vita, jamaa huyoo, anaondoka. Mpenzi msomaji wa Mpanda, hii si unaijua? Weka vitenge badala ya glavu, weka mnunuzi wa dhahabu aliyeshuka na treni ya Tabora.

Hiyo ni Der Kongreß tanzt, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1931, muziki na vichekesho tupu. Mkubwa ni mfalme Alexander wa Urusi, mji ni Vienna, na mharibifu ni Napoleon, katoroka kisiwani alikofungiwa.

Enzi za sinema bubu ulibadilisha maandishi tu, filamu ikauzwa popote. Sauti ilipoingia, mambo yakawa magumu. Kampuni ya Ufa ikaipiga filamu hii kwa lugha tatu: Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Ya Kiingereza ikaitwa Congress Dances.

Binti wa glavu ni Lilian Harvey katika zote. Alizaliwa London, mama Mwingereza, baba Mjerumani, kwa hiyo lugha hazikumsumbua. Ila wanaume! Kwa Kijerumani anampenda Willy Fritsch, kwa Kiingereza na Kifaransa analetewa Henri Garat. Unamaliza kumlilia huyu, unaanza upya na yule. Wajerumani walimwona yeye na Fritsch kama wapenzi hasa. Wapi! Mwaka 1937 Fritsch akaoa mcheza dansi, Dinah Grace. Mwaka huohuo Wanazi wakaipiga filamu marufuku, maana mwongozaji Erik Charell na mtunzi wa muziki Werner Richard Heymann walikuwa Wayahudi.

Kwetu kazi ya lugha aliimaliza mtu mmoja. Waliokaa vibanda vya video wanamkumbuka Lufufu: jambazi yeye, polisi yeye, mchumba yeye, vyote kwa Kiswahili.

Dada mmoja wa Makanyagio alinisimulia mambo yake. Mchumba wake alipenda muvi za Kiingereza, naye akawa anacheka kila mwenzake akicheka, asionekane mshamba. Siku moja akaikuta muvi ileile kibandani, imetafsiriwa.

"Kumbe yule dada alikuwa anaachwa! Na mimi nilicheka!"

Nikamuuliza kama bado wako pamoja.

"Tupo. Ila siku hizi namwambia, simamisha kwanza. Hapo kasemaje?"