Hotuba za Teknolojia na Ufuko wa Mweru

Katika ufuko wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi kisiwa cha Kilwa, habari husafiri kwa njia mbili: kwa simu pale mawimbi yanapofika, na kwa kinywa cha mvuvi pale yasipofika. Askari alindaye mpaka huu anazijua njia zote mbili. Ziwa lina urefu wa kilometa 130 hivi, ng'ambo yake ni Kongo, na huko nako uko mji uitwao Kilwa. Hivyo mtu akisema ametoka Kilwa hapana budi kumwuliza ni Kilwa ipi, tena tusije tukaitaja ile ya pwani ya Tanzania, iliyo maarufu kuzishinda zote mbili. Tangu Januari 2018 wilaya ya Nchelenge ina pia makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na Kiswahili cha Kongo kimezidi kusikika huku.

Tumeanza na ufuko huu kwa kuwa mada yetu yaweza kudhaniwa kuwa haiuhusu. Tunataka kuwazungumzia wasemaji wakuu wa mikutano ya teknolojia, wale watu wanaopewa jukwaa siku ya ufunguzi, taa zote zikiwamulika, waueleze umma jinsi kompyuta, simu na intaneti zitakavyoyageuza maisha ya Waafrika. Mikutano ya namna hii imekuwa mingi katika eneo letu. Marais huifungua, mawaziri huhudhuria, na makampuni yanayoigharimia aghalabu hupata nafasi ya kusema. Baadhi ya bidhaa wanazozinadi, kama kamera za barabarani na mitambo ya mawasiliano, hununuliwa kwa ajili ya polisi. Kwa hiyo askari anayo haki ya kuuliza ni nani anayesema, na yaliyosemwa yametekelezwa kwa kiasi gani.

Sisi tuliopitia shule ya makadeti tulifunzwa kwamba amri haimaliziki inapotamkwa. Humalizika taarifa ya utekelezaji inapomrudia aliyeitoa. Kwa kipimo hicho hicho tuutazame mwaka 2007, ambao ulikuwa na mikutano miwili mikubwa katika Afrika Mashariki, mmoja Arusha na mwingine Kigali.

Ule wa Kigali ulifanyika tarehe 29 na 30 Oktoba, ukiongozwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Hamadoun Touré wa Mali. Wakuu wa nchi walikuwapo, na wenye fedha pia. Zilitajwa ahadi za dola bilioni 55. Ilitangazwa kwamba ifikapo 2012 miji mikuu yote ya Afrika na miji mingine mikubwa itakuwa imeunganishwa kwa intaneti yenye kasi, na ifikapo 2015 huduma hiyo itakuwa imevifikia vijiji. Hayo yalikuwa malengo yenye tarehe, na tunawasifu waliothubutu kuziweka, maana msemaji mwerevu huikwepa tarehe.

Haki itendeke: yapo yaliyotimia. Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, uliwashwa Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja ule wa EASSy. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa. Kutoka pwani waya zikaingia bara, hata nchi zisizo na bahari, Zambia ikiwa mojawapo, zikafaidika. Lakini vijiji? Kwa hesabu za GSMA, chama cha makampuni ya simu duniani, mwishoni mwa 2022 ni mtu mmoja tu kati ya wanne katika Afrika kusini mwa Sahara aliyekuwa akitumia intaneti ya simu. Na jambo la kustaajabisha ni hili: wengi wa waliobaki hawakukosa mnara. Karibu watu 60 katika kila 100 walikuwa wakiishi mahali mawimbi yanapofika, ila hawakuyatumia, kwa sababu simu yenyewe ni ghali au hawajajua namna ya kuitumia. Chama hicho hicho kilifanya mkutano wake Kigali tarehe 17 hadi 19 Oktoba 2023, na bei ya simu ikawa miongoni mwa hoja zake. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu ahadi ya kwanza kutolewa katika mji huo huo.

Sasa twende Arusha. Mkutano wa TEDGlobal ulifanyika huko kuanzia tarehe 4 hadi 7 Juni 2007. Desturi ya TED ni kwamba hakuna msemaji anayeruhusiwa kuzidi dakika 18, awe tajiri au profesa. (Laiti desturi hiyo ingeingia katika magwaride yetu!) Walisema watu mashuhuri, akiwamo Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria. Mwandishi wa habari wa Uganda, Andrew Mwenda, aliishambulia misaada ya nchi tajiri mpaka mwanamuziki Bono, aliyekuwa ukumbini, akashindwa kunyamaza. Lakini aliyekumbukwa kuliko wengi alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Malawi, William Kamkwamba.

Kijana huyu alitoka Wimbe, wilaya ya Kasungu. Njaa ya 2001 na 2002 ilipowakumba, wazazi wake walishindwa kumlipia karo, akaacha shule. Hakuacha kusoma. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi alikuta kitabu chenye picha ya kinu cha upepo, akaokota vyuma chakavu, fremu ya baiskeli na vipande vya miti, akajenga kinu kilichowasha taa nyumbani kwao na kuendesha redio. Alipofika Arusha alikuwa hajawahi kutumia kompyuta wala kuiona intaneti. Akapandishwa jukwaani mbele ya wataalamu wa nchi nyingi, akashikwa na woga, na kwa kweli alichotoa hakikuwa hotuba: alijibu maswali ya mwenyeji wa mkutano kwa sentensi fupi fupi, akionyesha picha za kinu chake. Ilichukua dakika sita hivi. Hakuahidi chochote, alieleza alichokwisha kufanya. Baadaye alirudi shuleni, na mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Jukwaani hapo hapo alisimama pia mwanasheria wa Kenya, Ory Okolloh. Huyu anawahusu zaidi wasomaji wetu wenye sare. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliingia katika machafuko ambayo, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, yaliua watu 1,133. Mwanzoni mwa Januari 2008 Okolloh aliomba apatikane mtu wa kutengeneza ramani ambamo raia wangeonyesha mahali mauaji, uporaji na uchomaji wa nyumba ulipotokea. Yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaiunda katika siku chache, wakaiita Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, nayo ikaonekana katika ramani. Tusifiche kwamba baadhi ya habari zilizotumwa zilihusu vitendo vya askari wenyewe. Hilo halipunguzi thamani ya chombo kile. Januari 2010 tetemeko lilipoibomoa Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika kukusanya maombi ya watu waliohitaji msaada na kuyaweka katika ramani ili waokoaji wayaone.

Tazameni tofauti. Kigali maneno yalishuka kutoka juu, na kwa sehemu kubwa yalihusu nyaya na fedha. Ramani ya Nairobi iliwawezesha walio chini kupeleka habari juu. Tunavihitaji vyote viwili, maana ujumbe mfupi haupiti pasipo mnara; lakini wa pili ndio unaoligusa ziwa letu. Dhoruba ya Mweru huja ghafla. Mtumbwi ukipinduka kati ya Kilwa na Nchelenge, wa kwanza kujua ni mvuvi wa jirani, wala si kituo cha polisi. Katika miezi ya kufunga uvuvi upande wa Zambia, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, mwenye habari za nyavu zilizotegwa usiku ni yeye huyo. Hahitaji simu ya bei kubwa. Anachohitaji ni namba moja inayojulikana ufuko mzima, mtu wa zamu atakayeipokea, na hakika kwamba jina lake halitatajwa sokoni.

Aprili 2023 mkutano wa Transform Africa ulifanyika Victoria Falls, Zimbabwe, ng'ambo tu ya mto Zambezi kutoka Livingstone. Rais Hakainde Hichilema alikuwapo, pamoja na Rais Kagame wa Rwanda na Rais Chakwera wa Malawi. Oktoba mwaka huo huduma ya setilaiti ya Starlink ilianza Zambia, na kwa nchi yenye visiwa na mabonde ya mbali hiyo si habari ndogo. Kisiwa cha Kilwa hakitangoja waya uvushwe ziwani ili kipate intaneti, ilimradi apatikane wa kulipia chombo chake.

Waandaaji wa mikutano hii wangefanya vema kumwalika koplo mmoja wa doria ya majini, wampe dakika zile zile sita. Angeweza kuwaeleza jinsi simu inavyonasa mtandao wa ng'ambo mara uukaribiapo mpaka, au betri inavyokwisha usiku katikati ya maji, au yatokeavyo pale doria mbili za nchi mbili zinapokutana gizani bila njia ya kusemezana.

Mazungumzo ya Kamkwamba ya Arusha yamehifadhiwa katika intaneti, na Kiingereza chake ni chepesi. Askari mwenye kifurushi kidogo cha simu aweza kuyasikiliza yote kabla ya zamu kubadilishwa.