Mgodi Hufungwa, Kata Hubaki: Urithi wa Uchimbaji Madini Ngara na Biharamulo

Kila mgodi una umri wake. Upembuzi yakinifu wa mradi wa nikeli wa Kabanga, uliotangazwa Julai 2025, umekadiria kuwa uchimbaji utadumu kwa miaka 18. Kwa hesabu hiyo, mtoto atakayeanza darasa la kwanza mwaka ambao uchimbaji utaanza atakuwa na umri wa miaka 24 hivi mgodi utakapofikia mwisho wake. Huo ni umri wa kutafuta kazi, kujenga na kuanza familia. Hivyo, pamoja na kujiuliza mgodi utaleta nini, mkazi wa kata anapaswa kujiuliza utaacha nini.

Makala haya yanaeleza urithi ambao uchimbaji umeuacha katika eneo letu, funzo linalopatikana kwa jirani zetu wa Biharamulo, na nafasi ambayo sheria inampa mwananchi ili urithi ujao uwe wa manufaa.

Kazi ya madini ni ya kale

Kazi ya madini mkoani Kagera haikuanza na makampuni makubwa. Katika kijiji cha Katuruka, Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale walikuta masalia ya tanuri za kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria waliishi Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma waliofanya kazi kwa umoja wao. Umoja huo haukuwa wa kabila moja. Mgeni aliweza kupokewa, akafundishwa kazi pamoja na miiko yake. Katika karne ya 20 yakafuata machimbo ya bati katika maeneo ya Karagwe, ambayo sehemu yake leo ni Wilaya ya Kyerwa.

Tanuri za Warongo zilizimika baada ya bidhaa za chuma za viwandani kuenea. Kilichobaki ni maarifa na kumbukumbu, na hayo yalibaki pale tu ambapo wazee waliyakabidhi kwa vijana. Urithi wa madini, kwa hiyo, ni zaidi ya mashimo na majengo. Ni ujuzi wa watu, ni ardhi waliyoachiwa, na ni kumbukumbu ya mahali walipotoka.

Funzo la Tulawaka

Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya kampuni ya Barrick na mbia wake kutoka Kanada. Ulianza kwa shimo la wazi, kisha uchimbaji ukaendelea chini ya ardhi. Mwaka 2013 mwekezaji aliamua kuachana nao. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ambao mgodi ulifunguliwa alikuwa bado kidato cha pili.

Mgodi huo haukuishia hapo. Mwaka huohuo wa 2013, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) liliuchukua na kuukabidhi kwa kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD, inayouendesha kwa jina la Mgodi wa Dhahabu wa Biharamulo. Hata hivyo, mwenendo wake unatuonyesha kuwa mwenye mgodi anaweza kubadilika ndani ya miaka michache, na ahadi ambayo haikuandikwa inaweza kuondoka pamoja na aliyeitoa. Ahadi iliyo kwenye mpango ulioidhinishwa na Halmashauri ina mahali pa kufuatiliwa.

Mfano mwingine ni Buzwagi, Kahama. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021. Eneo lake limepangiwa matumizi mapya kama eneo maalumu la kiuchumi, na ndipo palipochaguliwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha madini ya Kabanga. Matumizi ya eneo baada ya uchimbaji huhitaji kupangwa mapema, wakati mgodi ungali na fedha, wataalamu na mitambo.

Kabanga: nusu karne ya kusubiri

Nikeli ya Kabanga iligunduliwa miaka ya 1970, katika utafiti wa Serikali na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Tangu hapo makampuni kadhaa ya kigeni yameingia na kutoka. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa, na Oktoba mwaka huo leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa. Pamoja na nikeli, mwamba huo una shaba na kobalti.

Kusubiri huko nako ni sehemu ya urithi. Kaya inayoishi juu ya ardhi iliyofanyiwa utafiti hujiuliza kama ipande migomba na mibuni mipya, iezeke nyumba au ingoje. Ndiyo maana ni muhimu kila mkazi ajue haki zake kabla ya siku ya kuhama kufika.

Haki za anayehama

Fidia ya ardhi haiishii kwenye thamani ya nyumba na mazao. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na, pale inapostahili, fidia ya faida iliyopotea. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini. Ikichelewa, mlipaji hutakiwa kulipa na riba. Mkazi awepo wakati wa kuhesabiwa mali, ahakikishe kila mti na kila jengo limeandikwa, na atunze nakala ya fomu yake. Uamuzi kuhusu nyumba ya familia uwe wa mume na mke kwa pamoja.

Makaburi nayo yana sheria yake. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka taarifa itolewe kabla ya kaburi kuguswa. Inatambua gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko au ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Familia isione haya kueleza taratibu zake. Sheria imezipa nafasi.

Mpango wa kila mwaka

Sheria ya Madini, Sura ya 123, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii. Mpango huo unapaswa kuzingatia vipaumbele vya jamii inayozunguka mgodi, katika mazingira, uchumi, ustawi wa jamii na utamaduni, na hupelekwa kwenye Halmashauri ili ujadiliwe na kuidhinishwa. Halmashauri ina wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Makala haya ni sehemu ya kutimiza wajibu huo.

Vipaumbele hivyo huanzia kijijini. Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kuvitaja. Kutoka hapo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Halmashauri. Kijiji kisichokutana hupangiwa na wengine.

Kila mradi unaopendekezwa upimwe kwa swali moja: nani atauendesha mgodi ukifungwa? Zahanati inahitaji wauguzi na dawa kila mwaka. Mradi wa maji unahitaji chombo cha watumia maji kinachokusanya michango na kununua vipuri. Ufundi wa umeme, uchomeleaji au uendeshaji wa mitambo humfuata kijana popote aendako, hata baada ya mgodi kufungwa.

Sambamba na mpango huo, makampuni hulipa ushuru wa huduma unaoingia kwenye mapato ya ndani ya Halmashauri. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa na chenye shughuli inayoendelea kinaweza kugeuza fedha ya madini kuwa kazi ambayo haitegemei madini.

Yanayoweza kufanyika sasa

Kumbukumbu haihitaji bajeti kubwa. Serikali ya Kijiji inaweza kuorodhesha makaburi, maeneo ya matambiko, visima vya zamani na majina ya vitongoji, na kuyaweka kwenye muhtasari wa mkutano. Vijana wanaweza kurekodi simulizi za wazee na kupiga picha za makazi kabla hayajabomolewa. Atakayevumbua vyungu vya kale, masalia ya tanuri au mavi ya chuma anapochimba asivichukue wala kuviharibu. Atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, kwani mambo ya kale yanalindwa na sheria.

Mwenye swali kuhusu fidia aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na asiporidhika aende Idara ya Ardhi ya Halmashauri. Kuhusu mikopo, amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kuhusu miradi inayotokana na wajibu wa kampuni kwa jamii, aulize katika mkutano wa kijiji, akitaka jibu liingizwe kwenye muhtasari. Jibu lililoandikwa litasomeka hata kama viongozi na wawekezaji watabadilika.