KILIMO NA MNUNUZI MMOJA
Mpango wa Miaka Mitano ulipoanza mwaka 1964, mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni. Bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakakosa kazi katika miaka iliyofuata. Mwezi wa Agosti 2017 ikawa zamu ya mbaazi. India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, na wakulima wetu waliolitazamia soko hilo wakabaki na magunia ndani.

Sisi twaona kwamba yawapasa wapangaji wa kilimo waandike hali tatu au nne zinazoweza kutukia: mvua zikikatika, mnunuzi akikataa, mbolea ikipanda bei kama ilivyopanda mwaka 2022. Kisha kila shauri lipimwe kwa hali hizo zote. Ghala ziko wapi? Mnunuzi wa pili ni nani? Wala hatumwambii mtu apige ramli.

Tena kazi hii isifungiwe maofisini. Mkulima na kibarua wa shambani waitwe barazani, maana hasara ni yao. Twapenda ianzie katika vyama vya ushirika, kabla mbegu za msimu ujao hazijagawiwa.