Betri ya simu ikikufia siku ya soko Mpondwe

Na Mwandishi Wetu, Kasese

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko Mpondwe. Nilikuwa nimeshachagua vitenge vitatu kwa mama mmoja aliyevuka navyo asubuhi kutoka Kasindi. Bei tumekubaliana, namba yake ya laini ya Uganda ameshanitajia, nami nimeshaandika tarakimu mbili za kwanza za namba ya siri. Simu ikazima. Dakika moja nyuma ilikuwa inaonyesha asilimia 34.

Niliibonyeza, nikaitikisa, nikaipuliza kama watu wote wanavyofanya ingawa haijawahi kusaidia. Nyuma yangu alisimama mteja mwingine, ana noti mkononi. Mama alinisubiri kidogo, kisha akamuuzia yule. Sikumlaumu. Alikuwa na mzigo wa kununua na safari ya kurudi Beni kabla ya giza.

Kwangu hiyo ilikuwa hasara ya zawadi tu. Kwa anayeishi kwa mpaka huu ni jambo jingine. Simu ndiyo pochi, ndiyo daftari la wadeni, ndiyo bei ya faranga na dola ya asubuhi hiyo, ndiyo sauti ya dereva aliyekwama Kikorongo na gunia zako za chumvi ya Katwe. Ikizima saa nne asubuhi siku ya soko, soko linalofuata ni baada ya siku tatu au nne.

Wiki hiyo nilibadilisha betri mwenyewe, nyumbani Kasese, kwa mara ya kwanza maishani. Ninaandika niliyojifunza kwa sababu nimeona simu nyingi Bwera zilizofungwa kwa raba za karanga, na wenye nazo wanasema wataipeleka kwa fundi mwezi ujao.

Kwanza hakikisha kweli ni betri. Hapa mpakani simu huchoka kwa sababu ambazo mtu wa Kampala hazijui. Wengi wetu tuna laini mbili ndani ya simu moja, ya Uganda na ya Kongo. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini minara ya simu bado ina mipaka yake. Ukiwa upande huu wa mto Lhubiriha, laini ya ng'ambo inahangaika kutafuta mnara ulio mbali, na simu inapiga kelele ya redio kwa nguvu zake zote kutwa nzima. Izime ile laini usiyoitumia kwenye mipangilio, siyo kuitoa, kisha uangalie siku mbili. Fundi mmoja wa Bwera aliniambia kwamba baadhi ya wateja wake huondoka na dawa hiyo tu, bila kununua kitu, naye hufurahi kidogo na kununa kidogo.

Betri iliyokufa ina dalili zake. Inaruka kutoka asilimia 34 hadi sifuri kama yangu. Inazima ukipiga picha au ukiwasha tochi, kwa sababu kazi hizo huomba umeme mwingi kwa ghafla na betri mzee hana pumzi ya kuutoa. Inajaa haraka ajabu na kuisha haraka vilevile. Betri nyingi za lithiamu hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake baada ya kujazwa na kuisha mara 500 hivi. Kwa mfanyabiashara anayechaji kila siku, na mara nyingine mara mbili, hiyo ni mwaka mmoja na nusu au pungufu. Joto huongeza kasi. Watengenezaji wengi hushauri simu isikae mahali penye zaidi ya nyuzi 35, na mtu aliyewahi kuacha simu kwenye dashibodi ya gari Kasese saa saba mchana anajua ushauri huo unavyochekesha.

Dalili moja haina mzaha: kuvimba. Kioo kikianza kuinuka pembeni, au mfuniko wa nyuma ukigoma kubana, au simu ikizunguka kama pia ukiilaza mezani, ndani kumejaa gesi. Usiichaji tena. Usiibonyeze ili irudi. Usiifungue nyumbani, na hapa sina aibu kujipinga: betri iliyovimba mpelekee fundi mwenye uzoefu. Ikitobolewa, tabaka zake za ndani hugusana, joto hupanda lenyewe, na moto unaotoka hauna haja ya kiberiti. Moshi wake ni sumu. Hata makampuni makubwa yameungua vidole. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kubadilisha betri za BL-5C zipatazo milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, na mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu yake ya Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri.

Yangu haikuwa imevimba. Ilikuwa imezeeka tu.

Kununua betri ndiko kulikonichosha kuliko kuifunga. Bwera niliulizia vibanda viwili, cha kwanza kikanitajia shilingi 30,000 na cha pili 55,000, kwa betri zenye maandishi yaleyale, rangi ileile, hata kosa lilelile la herufi kwenye neno la Kiingereza. Zote zimeandikwa 5000. Namba hiyo ni wino, na wino ni rahisi.

Mzani haudanganyi kwa urahisi hivyo. Nguvu ya betri inakaa ndani ya vitu vyenye uzito, kwa hiyo betri ya kweli ya 5000 huwa na gramu 65 hadi 75 hivi. Ile ya bei nafuu, tulipoiweka kwenye mzani mdogo wa jirani anayepima dhahabu, ilisoma 48. Huna mzani wa dhahabu? Ishike ile mpya mkono mmoja na ile ya zamani mkono wa pili. Wewe uliyeweza kujua kwa mkono kwamba gunia la maharage limepunjwa kilo mbili, utajua.

Kisha mwombe muuzaji aipime kwa mita yake. Betri nzuri iliyokaa dukani husoma karibu volti 3.7 hadi 3.9. Ikiwa chini ya 3, imelala rafu kwa muda mrefu mno na imeanza kuoza ndani. Atakwambia ataiamsha kwa chaja. Mshukuru, ondoka. Mwisho linganisha namba ya betri na ile iliyoandikwa kwenye betri yako ya zamani, siyo jina la simu. Tecno, Itel na Infinix zote zinatoka kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, na simu mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na betri zenye plagi tofauti.

Nilinunua ile ya 55,000, baada ya kushusha hadi 47,000.

Kwa nini nisimwachie fundi kazi yote? Mafundi wa Bwera ni hodari, na kwa simu yenye mgongo wa kioo ningewaachia. Lakini fundi mwenye foleni hukwambia acha simu, rudi jioni. Ndani ya simu hiyo kuna meseji za malipo, majina ya wateja wako wa Beni na Butembo, bei unayonunulia na bei unayouzia. Ukilazimika kuiacha, toa laini zote mbili uondoke nazo. Pesa ya simu inafuata laini na namba ya siri, haifuati kifaa, na laini hiyo unaweza kuiweka kwenye kitochi chochote ukaendelea kuuza. Na ukiombwa namba ya kufungulia kioo, sema hapana. Kubadilisha betri hakuihitaji.

Jioni ile nilitandika gazeti juu ya meza, toleo la juzi la gazeti hili, msinisute. Niliiacha simu iishe mpaka asilimia 15, kwa sababu betri tupu ikipata ajali haina moto mwingi wa kutoa. Nikaizima kabisa. Nikatoa trei ya laini kwanza. Anayesahau trei huivunja pamoja na mdomo wake wakati wa kufungua.

Simu yangu ina mgongo wa plastiki uliobanwa kwa meno madogo na gundi kidogo. Nililaza juu yake chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kama dakika tano, hadi gundi ikalainika. Si moto wa mkaa, si jua la juu ya bati. Kisha nikapitisha kadi ya zamani ya benki kwenye mshono, polepole, pembe kwa pembe, nikisikia meno yakiachia moja moja. Hapo nilikaribia kufanya kosa kubwa. Simu zenye kidole cha kufungulia mgongoni zina utepe mwembamba unaounganisha mfuniko na mwili. Ukivuta mfuniko kwa hamu, utepe unakatika na kidole hakifanyi kazi tena. Ufungue kama kitabu, uchungulie kwanza.

Ndani kuna skrubu ndogo kama mbegu za ulezi. Hazilingani urefu. Nilichora simu kwenye karatasi na kuweka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro, maana skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ubao wa simu, na hapo betri mpya haitakusaidia kitu.

Jambo la kwanza baada ya skrubu ni kuchomoa plagi ya betri. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nilitumia ncha ya kijiti cha plastiki, si bisibisi, kwa sababu chuma kikigusa mahali pasipofaa umeme unapita njia ya mkato. Baada ya hapo simu imekufa salama na unaweza kupumua.

Betri yenyewe imegandishwa. Simu nyingine zina ulimi wa kuvutia, yangu haikuwa nao. Usiing'oe kwa kisu. Nimeona kijana akifanya hivyo kando ya barabara ya Mpondwe, ameiinamia kabisa, na nilihama upande. Dondosha matone machache ya alkoholi ya mafundi pembeni mwa betri, ngoja dakika tatu, kisha sukuma kadi chini yake kidogo kidogo bila kuikunja. Yangu ilichukua nusu saa. Ukisikia harufu tamu ya ajabu, kama ya rangi ya kucha, au ukihisi joto, acha kila kitu, itoe nje, uiache mbali na watu na mbali na mitumba. Weka ndoo ya mchanga karibu kabla hujaanza, si baada. Maji mengi pia hupoza betri ndogo kama hii.

Betri mpya iliingia kwa sekunde kumi. Usifunge bado. Chomeka plagi, washa, angalia kama inachaji na kama kamera na spika zinafanya kazi, zima tena, ndipo ufunge. Mimi nilifunga kwanza, nikagundua spika haitoi sauti, nikarudia chupa ya maji ya moto. Gundi ya B-7000 inauzwa na kila fundi; kiasi kidogo tu pembeni, na uibane chini ya kitabu kizito usiku kucha. Kama simu yako ilikuwa inavumilia mvua, uvumilivu huo umekwisha. Beba mfuko wa plastiki.

Kazi yote, pamoja na kurudia, ilikula saa moja na nusu. Haikupaswa kuwa ngumu hivi. Simu za zamani ulizifungua kwa ukucha, ukabadilisha betri ukiwa umesimama kwenye foleni ya uhamiaji. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka 2023 inayotaka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa simu zenye betri za kudumu sana zimeachiwa mwanya. Simu zinazouzwa huku si zote zitengenezwazo kwa soko hilo, na sijasikia mbunge wa Arusha akilisemea. Lingekuwa jambo zuri la kuulizana kule.

Imebaki betri ya zamani. Ndani yake kuna kobalti, madini ambayo kwa sehemu kubwa ya dunia hutoka Kongo, kule Lualaba na Katanga ya Juu. Na hapa Kasese tunalijua jina hilo kwa karibu. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ambao reli ilifika mjini hapa mwaka 1956 kwa ajili yake, uliacha lundo la mabaki yenye kobalti. Kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kililisaga lundo hilo na kulilisha bakteria waliotenganisha chuma na chuma, mpaka mabaki yakaisha katika miaka ya 2010. Wazee wa mji wanaikumbuka kobalti kama ajira. Vijana wanaibeba mfukoni bila kujua.

Niliziba ncha za betri kwa utepe wa fundi umeme ili zisigusane na kitu, nikaitia kwenye kopo la siagi lenye mchanga mkavu. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa, na hapa takataka karibu zote huchomwa. Nilimuuliza yule fundi wa Bwera anapeleka wapi za kwake. Akanionyesha gunia nyuma ya kibanda, limejaa nusu, limekaa hatua nne kutoka kwenye jiko la mama anayekaanga chapati. Tulilihamisha pamoja siku hiyohiyo, tukaliweka chini ya mwembe. Lori la kulichukua bado halijapatikana, na kopo langu bado liko varandani.