Makubaliano ya Wapenzi Wawili na Kinga ya VVU

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani kwamba mwanamume anayependa wanaume wenzake huambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU) na mtu asiyemfahamu vizuri, yaani mtu wa usiku mmoja au aliyepatikana kupitia programu za simu za kutafutia wapenzi, ilhali uhusiano wa kudumu huhesabiwa kuwa mahali pa salama ambapo hofu huwekwa kando. Takwimu zinasema jambo jingine. Mwaka 2009 Patrick Sullivan na wenzake walichapisha makadirio yaliyotokana na data za miji mitano ya Marekani, wakaonyesha kwamba takriban asilimia 68 ya maambukizi miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume yalitoka kwa mwenza mkuu, yaani yule ambaye mhusika mwenyewe anamtambua kuwa ndiye mpenzi wake. Sababu zake si za ajabu: wenza hujamiiana mara nyingi kuliko watu wanaokutana kwa bahati, huacha kondomu mapema, na mara nyingi huziacha kabla hata mmoja wao hajajua kwa hakika hali yake, kwa kuwa kuendelea kuzidai baada ya miezi kadhaa ya mapenzi huonekana kama kumshuku mwenzio.

Ubaya ni kwamba kipindi hicho cha mwanzo wa uhusiano, ambacho mapenzi huwa moto, kinaweza kuwa pia kipindi ambacho virusi vina nguvu zaidi. Mtu aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita huwa na wingi mkubwa wa virusi katika damu na shahawa, na huenda asiwe na dalili yoyote isipokuwa homa na uchovu ambavyo katika nchi za joto hupachikwa jina la malaria. Kwa upande wa mwili, njia ya haja kubwa haina ulinzi mkubwa, kwa sababu puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imefunikwa na tabaka moja tu la seli, na chini ya tabaka hilo zimesongamana seli za kinga zilezile ambazo VVU huzishambulia. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu yanaonyesha kwamba, pale ambapo mwenye virusi hatumii dawa na hakuna kinga yoyote, anayeingiliwa ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban mara 138 katika kila matendo 10,000, ilhali anayeingilia ana takriban mara 11. Tofauti hiyo haimpi anayeingilia sababu ya kulala usingizi, lakini inaeleza kwa nini swali la nani anafanya nini kitandani ni swali la kitabibu, ambalo daktari anapaswa kuliuliza bila kukunja uso.

Wa kwanza kulichukulia jambo hili kwa uzito wa kisayansi walikuwa watafiti wa Sydney, Australia. Mwaka 1993 Susan Kippax na wenzake walieleza kwamba baadhi ya wanaume waliowahoji walikuwa wameacha kondomu na wapenzi wao wa kudumu, lakini hawakuziacha kwa uzembe: walikuwa wamepima wote wawili, wamekuta hawana virusi, na wamepatana waziwazi juu ya yale yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa nje ya uhusiano wao. Watafiti hao waliuita utaratibu huo usalama wa makubaliano. Walipingwa na baadhi ya wataalamu wa kinga waliohofia kwamba kuukubali ni kuibomoa kanuni ya kondomu kila mara, iliyokuwa imeokoa maisha ya wengi katika miaka ya 1980 ambapo tiba madhubuti haikuwepo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila ilisahau kwamba watu walikuwa tayari wanaacha kondomu, na kilichobaki ni kuchagua kati ya kuwaacha waziache kwa kubahatisha au kuwafundisha namna ya kufanya hivyo kwa hesabu. Mashirika ya jamii ya Australia yalichagua njia ya pili, na katika miaka hiyo ya 1990 yakaendesha kampeni iliyowaambia wapenzi wazungumze, wapime, wapime tena, kisha ndipo waaminiane.

Huko kupima mara ya pili ndiko wengi hukuruka. Vipimo vya kawaida vya VVU vinatafuta kingamwili, ambazo ni protini zinazotengenezwa na mwili baada ya kuvamiwa, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Muda huo, ambao mtu ana virusi ilhali kipimo kinasema hana, huitwa kipindi cha dirisha. Kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni, yaani kipande cha kirusi chenyewe, hubaini takriban maambukizi yote ifikapo siku ya 45, lakini vipimo vya haraka vya tone la damu ya kidole na vile vya kujipima nyumbani kwa mate vinaweza kuchukua hadi siku 90. Kwa hiyo wapenzi wawili wanaokwenda kituoni Jumamosi, wakapata majibu ya kuridhisha, na kurudi nyumbani kuzitupa kondomu, hawajathibitisha hali yao ya Jumamosi hiyo. Wamethibitisha hali yao ya wiki kadhaa zilizopita. Utaratibu wa Sydney uliwataka waendelee na kondomu mpaka majibu ya pili, na kuanzia hapo makubaliano yaanze kutumika.

Makubaliano yenyewe si lazima yawe ya kutotoka nje. Utafiti wa Colleen Hoff na wenzake katika eneo la San Francisco, uliohusisha wapenzi wa kiume wanaoishi katika uhusiano, ulikuta wale waliokubaliana kuwa wawili tu na wale walioruhusu wapenzi wengine kwa masharti wakikaribiana kwa idadi. La kutia wasiwasi zaidi lilikuwa kundi dogo la tatu, la wapenzi ambao walipohojiwa kila mmoja peke yake walitoa maelezo yanayopingana, mmoja akisema wamefunga mlango na mwingine akisema wameuacha wazi. Kwa mtazamo wa kinga, uhusiano ulio wazi wenye masharti yanayoeleweka ni salama kuliko uhusiano wa wawili ambao haukuwahi kutamkwa, na wahubiri wa uaminifu wangefanya vyema kulitafakari hilo. Sharti lenye thamani kubwa kuliko yote ni lile linaloeleza kitakachofanyika makubaliano yakivunjwa: kwamba aliyekosea atasema mapema, kwamba kondomu zitarudi mpaka apimwe, na kwamba kusema hakutakuwa sababu ya kufukuzwa siku hiyohiyo. Pasipo sharti hilo mtu hunyamaza, na ukimya wake una gharama ya saa, kwa maana dawa za dharura za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ambazo humezwa kwa siku 28, hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.

Tangu wakati wa Kippax mambo mawili makubwa yamebadilika. La kwanza ni kujulikana kwa hakika kwamba mtu anayetumia vizuri dawa za kufubaza virusi, hadi wingi wa virusi katika damu yake ukashuka chini ya nakala 200 kwa mililita, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ushahidi wenye uzito mkubwa kwa wanaume ni utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ambao katika nchi 14 za Ulaya ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, katika kila jozi mmoja akiwa na virusi vilivyofubazwa na mwingine akiwa hana. Walifanya takriban matendo 76,000 ya kujamiiana bila kondomu, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza mwenye virusi kwenda kwa mwenzake. Wanaume 15 waliokuwa hawana virusi waliambukizwa wakati wa utafiti, lakini uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi vyao havikuwa vya wapenzi wao. Vilitoka kwa watu wa nje. Kwa lugha nyingine, katika nyumba hizo mpenzi aliyejulikana kuwa na VVU ndiye aliyekuwa salama kabisa kulala naye, na hofu iliyoelekezwa kwake kwa miaka mingi ilikuwa imepotea njia.

La pili ni dawa kinga, ijulikanayo kama PrEP, ambayo humezwa na asiye na virusi ili visipate pa kushika. Utafiti wa iPrEx, uliotangazwa mwaka 2010 baada ya kuwashirikisha wanaume na wanawake waliobadili jinsia 2,499 katika nchi sita, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ulipata upungufu wa maambukizi wa asilimia 44 tu kwa ujumla, kwa sababu wengi hawakuwa wakimeza vidonge. Miongoni mwa waliokutwa na dawa katika damu kinga ilizidi asilimia 90. Miaka mitano baadaye tafiti mbili, PROUD ya Uingereza na IPERGAY ya Ufaransa na Kanada, kila moja ilipata upungufu wa asilimia 86. IPERGAY ilileta pia utaratibu wa kumeza kwa tukio, yaani vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya kujamiiana, kimoja saa 24 baada ya dozi hiyo ya kwanza, na kingine saa 24 baadaye tena. Utaratibu huu umethibitishwa kwa wanaume, lakini haumfai mwenye homa ya ini aina ya B ya kudumu, kwa kuwa dawa hizo hukandamiza pia kirusi cha ini, na kuzianza na kuziacha ovyo kunaweza kuuamsha ugonjwa. Ndiyo maana kipimo cha homa ya ini na cha figo hutangulia. Katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ni mji wake mkuu, wanaume wapatao 3,700 walio katika hatari kubwa waliandikishwa kupewa dawa hizo kwa miezi michache tu mwaka 2016, na katika mwaka uliofuata maambukizi mapya yaliyogunduliwa miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume katika jimbo zima yalipungua kwa robo. Sasa ipo pia sindano ya lenacapavir, ambayo huchomwa mara mbili kwa mwaka, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2025.

Ndani ya uhusiano, dawa kinga ina sifa ambayo makubaliano hayana, nayo ni kwamba haimtegemei mwenza kusema kweli. Mtu anaweza kujilinda bila kuomba ruhusa wala kusubiri ungamo. Hata hivyo kopo la vidonge likikutwa kwenye droo na mpenzi ambaye hakuambiwa huzua ugomvi uleule ambao kondomu ilizoea kuzua, na washauri nasaha wenye uzoefu huwahimiza watumiaji waitaje mapema, wakiieleza kuwa ni sehemu ya utaratibu wa nyumba, kabla haijageuzwa kuwa ushahidi wa usaliti.

Magonjwa mengine ya zinaa hayazuiwi na vidonge hivyo, na hapa kosa la vituo vingi ni kupima mkojo peke yake. Kisonono na klamidia za kooni na za puru mara nyingi hazina dalili, hivyo mwanamume anaweza kuambiwa yuko salama ilhali hakuchukuliwa sampuli mahali penye ugonjwa. Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, ambacho kikiwa ndani ya puru hakionekani kwa urahisi. Mmoja akitibiwa na mwingine akaachwa, ugonjwa hurudi kwa mlango uleule, kwa hiyo tiba ni ya wote wawili kwa pamoja. Kidonge cha doksisaiklini cha miligramu 200 kinachomezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo kimeonyeshwa katika utafiti wa San Francisco na Seattle, uliochapishwa mwaka 2023, kupunguza sana kaswende na klamidia, ingawa kwa kisonono matokeo yake ni hafifu zaidi na suala la usugu wa bakteria bado linajadiliwa.

Njia ya kuwapima wapenzi wakiwa pamoja, wakipewa ushauri na majibu katika chumba kimoja, haikubuniwa Australia wala Marekani. Ilikuzwa Kigali, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mradi ulioongozwa na Susan Allen kwa ajili ya wanandoa wa kike na kiume, kisha ikapelekwa Zambia. Na ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 tu ambapo watafiti wa Atlanta waliibadilisha ili iwafae wanaume wawili wanaopendana. Afrika Mashariki yenyewe haikufaidi urithi wake kwa usawa. Rwanda haina sheria inayoharamisha uhusiano huo, lakini kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, kinabeba kifungo cha hadi miaka 14. Sheria ya Tanzania inafika kifungo cha maisha, na Uganda ilikaza zaidi sheria yake mwaka 2023. Wanaume wawili wanaoingia kwa mshauri nasaha na kujitambulisha kuwa ni wapenzi wanakuwa wametoa maelezo yanayoweza kuwageukia, kwa hiyo wengi hufika kituoni kwa siku tofauti, kila mmoja akijieleza kuwa hana mwenza. Pale ambapo hali ni hiyo, kinachoweza kufanyika ni wawili hao kununua vipimo vya kujipima, vinavyopatikana katika maduka ya dawa ya Kenya, kuvifungua mbele ya kila mmoja, kusoma majibu kwa pamoja baada ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, na kurudia zoezi hilo baada ya siku 90 wakiwa bado wanatumia kondomu na kilainishi cha maji, kwa kuwa mafuta ya kujipaka na ya kupikia hupasua mpira wa kondomu.